Kidole Gumba Mgongoni mwa Kamera

Daraja Mbili, Arusha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya Meru mwezi huu inanifanya nilale na soksi. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Niambieni ukweli, msinifiche kwa sababu niko mbali na Songea.

Baba, sasa mimi ni mpiga picha kamili, si mtu wa mapokezi tena. Mama Aika, mwenye studio, amenunua kamera ya dijitali. Wewe na kamera yako ya filamu umezoea kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka sura ionekane wazi. Hii inaitafuta sura yenyewe ukibonyeza kitufe cha kupigia. Shida ni kwamba kila ukibonyeza inaanza kutafuta upya. Kwenye kipaimara kule Usa River mtu alikatiza mbele yangu, ikashika kofia yake, na mtoto wa watu akatoka kama yuko nyuma ya moshi.

Sikukubali kushindwa na kifaa. Nilikaa nacho nikijaribu hiki na kile, nikagundua kazi hizo mbili zinatenganishwa: kitufe cha kupigia kipige tu, na sura itafutwe kwa kitufe kidogo cha nyuma, pale kinapokaa kidole gumba. Ukikishikilia, kamera inamfuata mtu anayetembea. Ukikiachia, inabaki ulipoiachia, hata apite nani. Nilijifunzia kwa kuku wa mama mwenye nyumba mpaka wakanizoea.

Jumamosi nikatumwa peke yangu harusini Tengeru. Baba wa bibi harusi, mzee wa Kimeru, aliwahi kupata kiharusi, mguu wa kulia ukalegea. Ilipangwa yeye akae kitini, na mdogo wake amsindikize bibi harusi, Neema. Lakini mlangoni pa kanisa mzee akamkabidhi mkewe mkongojo.

"Nitampeleka mwenyewe," akasema.

"Utaanguka, Baba," Neema akamwambia.

"Basi nishike."

Wakaanza. Mimi mbele yao narudi kinyumenyume, gumba limebana kitufe, kamera inamfuata. Katikati ya kanisa mzee akasimama kupumua. Nikaachia gumba. Hapo hapo mashangazi wakatoka kwenye mabenchi na vigelegele, khanga zikapita mbele ya lenzi. Mara upenyo ukapatikana, mzee akanyanyua mguu, nikapiga.

Mama Aika aliitazama picha hiyo kwenye kompyuta. Halafu akasema, "Harusi za Jumamosi ni zako," akaenda kuchemsha chai.

Juzi mzee alikuja mwenyewe na mkewe kuchukua picha. Wala hakuangalia nyuso. Aliinama akatazama chini kabisa.

"Huu mguu haujagusa sakafu?"

"Haujagusa, mzee."

"Nilidhani nauburuta."

Akampa mkewe aone, kisha akamnyang'anya taratibu akatazama tena. Akaagiza nyingine kubwa, ya kutundika sebuleni, na akasema yeyote atakayekata sehemu ya miguu atamjua.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie kaka Yosefu na mkewe, na shangazi Skola anayeimba kwaya. Bibi mzaa mama mshikie mkono kwa niaba yangu.

Nabaki binti yako mwenye afya na kazi,

Tumaini