Mlio Chini ya Boneti ya Pikapu ya Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Babu Spana, kama anavyojulikana na wote
Umri: miaka 71
Kazi: fundi magari
Makazi: chumba cha nyuma, gereji iliyo mkabala na kiwanda cha mikate

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuzaliwa katika mji huu, ila nimeishi hapa miaka thelathini na minne, na kazi ya injini nilikuja nayo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, polisi walivuta pikapu nyeupe ya kiwanda cha mikate hadi gereji kwangu. Afande aliniagiza nikague breki na usukani. Alinieleza kuwa alfajiri ile dereva wa pikapu alipanda nayo hadi barazani kwa fundi cherehani na kumvunja mguu. Dereva aliwekwa mahabusu. Ilisemekana amelewa, kwa sababu alipotolewa ndani ya gari alisema mama yake alikuwa kiti cha pembeni, akamshika mkono na kumwambia, "Geuza, mwanangu, tumepitiliza nyumbani." Mama huyo alishazikwa.

Breki zilikuwa nzima. Usukani haukuwa na tatizo. Nilipowasha injini nilisikia tik-tik-tik upande wa abiria, ikienda mbio kila nilipokanyaga mafuta.

Fundi mwenzangu tunayemwita Injinia alicheka. "Babu, hizo tapeti tu. Mwezi uliopita nilizirekebisha, zikanyamaza." Tapeti ni vyuma vidogo vinavyosukuma valvu za injini, na vikilegea hugonga.

Bosi wa mikate naye alikuwapo. "Mlio ni wa asubuhi," alisema. "Gari likitembea kidogo, kimya. Na wewe mzee usianze. Mimi nauza mikate, siuzi hadithi za wafu."

Dada yake dereva alikuwa amesimama langoni tangu gari lilipoletwa. Aliniambia, "Babu, kaka yangu hanywi hata bia ya kuonjeshwa. Wakimfunga, watoto wake wanakuja kwangu, na mimi wangu wananishinda."

Saa nne niliondoka na gari peke yangu kulijaribu. Nilifunga vioo, kwa kuwa dada huyo aliniambia kaka yake huvifunga kwa sababu ya baridi. Nilizunguka uwanja wa maghala, ambao siku hizi ni mtupu. Mzunguko wa pili mlio ulififia. Kichwa kikaanza kuwa kizito.

Baada ya muda nilimsikia mke wangu. Alikuwa kiti cha pembeni. Alisema, "Taratibu, baba. Dirisha la jikoni ulilifunga?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba. Mke wangu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Dirisha hilo ni la nyumba tuliyoihama tukiwa tumebeba mtoto na sufuria moja, na alipokuwa hai hakuwahi kuliulizia. Nilimjibu kwamba nililifunga. Akasema, "Haya basi." Sikugeuza shingo. Niliogopa nikigeuka nitakuta kiti kitupu.

Tairi la mbele liligusa ukuta wa ghala. Nilifungua mlango, nikatapika. Nilipokaa kwenye hewa kichwa kilipoa, na nikajua ni moshi.

Niliiacha injini ipoe hadi alasiri. Tapeti za gari hili hupimwa injini ikiwa ya moto, ndivyo tulivyofundishwa sote, na ndiyo maana Injinia alipitwa. Nilichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya injini baridi ikinguruma. Kwenye tapeti palikuwa shwari. Nilipofika pale bomba la moshi linapofungwa kwenye injini, mlio ukawa mkubwa na pumzi ya moto ikanipiga sikioni, kama mtu anayenong'ona akiwa na haraka. Gasketi, kile kibati kinachoziba kiungo hicho, ilikuwa imeungua, masizi yametapakaa. Chuma kikipata moto kinatanuka na mlio unafifia, lakini moshi unaendelea kutoka. Nyuma yake, kwenye ukuta wa kabini, palikuwa na tundu la nyaya lisilozibwa. Moshi ule unalevya bila pombe, na ukizidi unaua.

Nilimpa Injinia ule mpira. Alisikiliza, akavua kofia. "Babu, mimi ndiye niliyemwambia gari limepona."

Nilibadilisha gasketi, nikaziba tundu. Nati zilikuwa sita. Tano nilizikaza upesi. Ya sita haikuwa na kutu, ila nilikaa nayo mkononi mpaka dada yake dereva akauliza, "Babu, imegoma?" Nikasema hapana, nikaikaza.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, hapakuwa na mlio. Nilizunguka uwanja uleule, vioo vimefungwa, Injinia kiti cha pembeni. Injinia aliongea njia nzima. Hakuna mwingine aliyeongea.

Naomba dereva apelekwe kwa daktari, na ahojiwe kama mtu aliyevuta moshi. Gasketi iliyoungua nimeikabidhi.

Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya gari hilo, na nimeyasema nikiwa na akili zangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye ameyakubali, isipokuwa sehemu moja. Nilikuwa nimeandika "nilidhani nimemsikia mke wangu". Ameomba nifute "nilidhani". Nilimtahadharisha kuwa mahakamani upande wa mashtaka utamcheka. Akasema: "Afande, ukiandika nilidhani, na yule kijana dereva naye ataambiwa alidhani tu, kwa hiyo angeweza kujizuia. Alisikia mama yake anamwita nyumbani. Wewe usingegeuza?"

Nimelifuta.