Kope za Marehemu Baba

Jumatatu, 12 Juni 1995
Vipindi vinne. Chaki hakuna, naandikia mapande ya jasi ya Makanya. Yanakwaruza ubao.
Nakiete, mke wa kaka, amerudishwa kwao Usangi leo, na binti yake Namkunda. Mama kapika wali, kama sikukuu. Kinyaa kitupu.
Chanzo ni mimi. Mtoto ana miaka kumi na minne, kope zinaanguka, miguu inalegea. Daktari wa misheni alihisi mitokondria, vinu vya nguvu ndani ya seli, akapeleka kipande cha msuli Ulaya. Mimi, mwalimu wa bayolojia, nikawaambia wazee kwa madaha kwamba mitokondria hutoka kwa mama tu. Walichosikia ni hicho: kwa mama tu.

Alhamisi, 15 Juni
Majibu yamefika, barua ya Kiingereza. Daktari alinieleza taratibu. DNA ya mitokondria haijitunzi. Jeni za kwenye kiini cha seli ndizo huinakili na kuilinda. Mojawapo ikiharibika, DNA ile hukatika hapa na pale. Ya Namkunda imekatika sehemu nyingi. Kosa liko kwenye kiini. Na jeni za kiini hutoka kwa baba pia.
Akauliza nani mwingine katika ukoo ana kope nzito.
Baba alisoma Biblia akiinua kope kwa kidole. Tukasema uzee. Alikufa na miaka arobaini na nane. Uzee gani?

Jumamosi, 17 Juni
Nimewaambia. Kaka alitazama viatu vyake vya mtumba, akasema tungoje mavuno ndipo amrudishe mkewe. Mama hakushtuka.
“Nilijua. Hata shangazi zenu wawili walikuwa hivyo. Ya ukoo hayatangazwi.”
Alijua, na akapika wali.

Jumapili, 18 Juni
Sikwenda kanisani. Najichukia kuliko ninavyowachukia wao.

Jumamosi, 24 Juni
Usangi. Nakiete alikuwa anapukuchua maharage. Namkunda aliinua kidevu ili anione, akaniamkia. Nilieleza yote, na kosa langu.
“Kwa hiyo atapona?”
“Hapana, shemeji. Dawa hakuna.”
Akapukuchua maganda kadhaa. Kisha akamwita baba yake na majirani waliomsema, akaniambia nisome barua ya majibu kwa Kiswahili.
Nikasoma nimesimama. Nilipomaliza, mzee akasema hakusikia vizuri pale penye “kwa baba pia”.
Nikarudia, polepole.