Pumzi ya Shemeji Yako

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu. Nilikuwa nikingoja habari njema. Paa limezibwa, na paka amezaa kabatini, juu ya koti lako.

Mazoezi ya muziki uliomtungia shemeji yako yanaendelea. Fidla zinamfuata vizuri. Taabu iko mwishoni, pale ulipoagiza fidla zote zinyamaze, filimbi yake ishike sauti moja kwa pumzi moja ndefu, ndipo kinubi kiingie. Mume wangu hana tena pumzi hiyo. Mpiga kinubi akiyaona mabega yake yanatetemeka, huingia mapema ili amsitiri.

Jana mume wangu alimgombeza mpiga kinubi huyo mbele ya wote. "Binti, una haraka ya wapi? Umenikatiza!"

"Nisamehe, baba. Vidole vimenitangulia."

"Basi vifunge kamba!"

Walicheka, huku wakitazama viatu vyao. Kiongozi wa okestra alinifuata mlangoni. "Mama, mwambie wewe ampishe mwingine. Sisi tumeshindwa."

Nami nimeshindwa. Tulipofika nyumbani mume wangu aliniuliza, "Ulinisikia? Asingenikatiza, ningefika."

Nikamjibu, "Ungefika." Alipumzika kwanza, ndipo akanyanyua kikombe cha chai.

Unaweza kuifupisha sauti ile, lakini atatambua, kwa kuwa ameuhifadhi muziki wote kichwani. La sivyo, nimwambie mimi. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo. Kwa sasa, nakusihi, usimpigie simu kumpongeza.

Dada yako