Paneli juu ya Jiko

Jumatano, 1 Oktoba 2025
Mama ametuma paneli! Imefika kwa pikipiki kutoka Salamabila, imefungwa na kipande cha godoro, haina hata mkwaruzo. Pamoja na batri, na régulateur, kile kisanduku kidogo kinacholinda batri.
Mama mwenyewe hakuja. Mwenye pikipiki alisema wachimbaji ambao Mama anawauzia chakula wanahama, wanaenda mbali, ambako hakuna réseau ya simu. Mama atawafuata, au atarudi Kasongo. Hajaamua. Atapiga simu Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya Magharibi. Anataka kwanza kusikia sauti yangu.
Simu yetu huwa imezimika. Sasa haitazimika tena.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nilibaki darasani baada ya fizikia. Mwalimu Gédéon alinichorea ubaoni. Kwetu huku, kusini ya ikweta, paneli itazame kaskazini na iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Isilale juu ya bati — mbao chini yake, hewa ipite. Batri iungwe kwanza na régulateur, paneli mwisho. Na ifunikwe kwa nguo wakati wa kushika nyaya, kwa sababu ikiona jua tu, tayari ina umeme.
Wasichana wa darasa walinisubiri mlangoni ili wanicheke. Fundi Waridi, fundi Waridi. Halafu wakaenda pamoja. Nilirudi peke yangu.

Jumamosi, 4 Oktoba
Tumeiweka! Nyumba ni ya majani, kwa hiyo tumechagua jiko la uani, lenye mabati. Mjomba Ayoubu alishika ngazi. Alisema yeye akipanda, jiko lote litashuka naye. Nilipanda mimi, bila haraka, bati likiwa kavu, nikikanyaga penye misumari tu, maana chini yake kuna mti. Nilifunika paneli kwa kitenge cha Mama. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kitenge nikakitoa mwisho.
Taa ya kijani!
Bibi, mama yake Mama, aliuliza inatazama wapi. Kaskazini, nikamwambia. Alifikiri kidogo, akanyoosha mkono kule tunakoelekea tukisali. Karibu njia moja. Alifurahi sana. Alisema basi ni kitu cha heshima.
Jioni tulikula tukionana nyuso. Nafasi ya Mama mkekani inaonekana zaidi kukiwa na mwanga.

Jumatano, 8 Oktoba
Taa imefifia. Nilitoka shule, nikapitia dukani kwa Mjomba kumsaidia kama kila siku, nikafika nyumbani jua linazama. Batri dhaifu. Labda mawingu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Batri imekufa kabisa. Simu nayo. Nilikimbia sokoni kwa Djuma, anayechajisha simu za watu. Amefunga. Magharibi ikapita. Isha ikapita.
Siwezi kuandika.

Jumamosi, 11 Oktoba
Djuma amenichajishia asubuhi. Ujumbe ukaingia: namba ya Mama ilijaribu jana. Mara tatu. Nikapiga. Haipatikani.
Nilipanda tena juu ya jiko. Kila waya uko mahali pake. Taa ya kijani inawaka, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili, 12 Oktoba
Imechaji vizuri jana na leo. Sielewi. Inachaji nikiwa nyumbani tu.
Namba ya Mama haipatikani.

Jumanne, 14 Oktoba
Walimu walikuwa na mkutano, tukarudishwa mapema. Mjomba hakuwa na kazi. Nikaingia uani, nikamkuta Bibi amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu inatetemeka. Anasawazisha kitambaa cheupe juu ya paneli, iliyo ukingoni mwa bati — kile chenye maua, alichokishona mwenyewe, kinachofunika redio. Pembe zake ameziwekea mawe.
Nilimshika kiuno kwanza, nikamshusha. Nilikuwa na hasira, lakini angeanguka.
Kumbe kila siku. Nikienda shule anafunika, jua likishuka anafunua kabla sijarudi, nisimgombeze kwa kupanda kinu.
"Kitu ya mama yako iko inapigwa na jua muchana kutwa," akasema, "na mimi naangalia tu?"
Nilimweleza kwamba paneli inakula jua. Kama sisi ugali. Halafu akauliza, polepole, kama ni kwa sababu ya kitambaa mama yangu hakutupata.
Nilisema kulikuwa na mawingu pia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Batri imejaa. Bibi anakaa uani mchana na fimbo, anafukuza kuku wasipande juu ya jiko. Kitambaa amekifua.
Namba ya Mama haipatikani.

Ijumaa, 17 Oktoba
Naandika chini ya taa. Tumesali. Simu imejaa, Bibi ameitandikia kitambaa cheupe, imelala katikati ya mkeka, mahali pa Mama. Mjomba alipita, akasema kwenye machimbo mapya watu hupanda kilima kutafuta réseau, labda na Mama atapanda. Labda. Akaondoka.
Nimefanya mazoezi ya sauti yangu. Isitetemeke. Nitasema shule ni nzuri. Hapana, nitasema rudi.
Bibi anainama karibu na simu, ananong'ona asije akaisumbua.
"Iko inasikia?"
"Iko inasikia, Bibi."
Ameniambia ninyamaze basi, nisipige kelele na kalamu