Harufu Iliyofichwa na Sabuni

Kambu,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai goti limekupa nafuu, na kwamba mvua imewagusa hata kidogo huko Mwingi. Sisi huku tuko salama sasa, na hilo neno "sasa" ndilo limenifanya nichukue kalamu. Simu yako unaiweka spika majirani wakiwa wamejaa jikoni, na haya si ya majirani.

Unajua nilikuja kwa kaka Salim kupumzika kidogo kutoka kwenye masomo yangu ya chuo Kitui. Nilimkuta yeye na wifi yangu Mutanu wana wasiwasi mwingi. Salim alikuwa akichanganya dawa ya kunyunyizia nyanya juu ya tanki la maji la plastiki, chupa ikamponyoka, ikamwagika yote ndani. Ni ile dawa kali yenye picha ya fuvu. Maji yalikuwa yamebaki kidogo tu chini, lakini lori la maji lilitarajiwa kesho yake, na likikupita hapa hujui litarudi lini. Mzee Kinuthia, mwenye duka jirani ambaye wanatumia naye tanki hilo, alishauri wamwage magadi na sabuni ya unga kwa wingi. Asubuhi harufu ilikuwa imeisha kabisa. Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi.

Mama, uliwahi kuniuliza nasoma nini hasa chuoni, nikakujibu sabuni, ukacheka. Sasa nikueleze. Sabuni ikizidi majini, chembe zake hujikusanya vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho. Tunaviita miseli. Ndani mna mikia ya chembe hizo, inayopenda mafuta, nje kuna vichwa vinavyopenda maji. Dawa ile ina mafuta, kwa hivyo huingia humo ikatulia, hata pua isiipate. Magadi yanaweza kuivunja sumu hiyo pole pole, lakini lazima vikutane. Na vichwa vya sabuni ya kufulia vina chaji hasi, sawa na kile kitu cha magadi kinachovunja sumu, basi vinasukumana kama ncha za sumaku zinazofanana. Kuna sabuni za aina nyingine, zenye chaji chanya, ambazo huvivuta vyote viwili pamoja na kazi ikakimbia. Ile ya Kinuthia iliilinda sumu. Afadhali wangetia magadi peke yake.

Niliwaambia hayo yote nikiwa nimesimama mbele ya tanki. Kinuthia akasema, "Msichana wangu, pua yangu haijasoma, lakini inanusa." Watu wakacheka. Nikaomba tusubiri, mtu asiingie kulisugua tanki, hata kama lori litatupita.

Kazi ya kuingia ndani kusugua huwa ni ya Mutanu kwa sababu ni mwembamba. Alikuwa ameshajifunga leso. Nilimshika mkono, nikakataa kumwachilia. Hapo tukasikia honi ya lori barabarani. Salim alimsogeza mkewe kando, akavua shati, akajipenyeza mwenyewe kwenye ule mdomo wa tanki.

Tulisikia brashi ikisugua. Halafu ikanyamaza. Nilipochungulia alikuwa amepiga magoti kwenye povu, mate yanamtoka, ananitazama kama hanijui. Tulijaribu kumvuta mabegani tukashindwa. Kinuthia ndiye aliyekimbia kuleta panga akalipasua tanki ubavuni, akamkokota nje. Nikapiga kelele wamwoshe kwanza. Dereva wa lori akafungulia mpira, tukamvua nguo, tukamwogesha kwa yale maji tuliyokuwa tukiyagombania. Kinuthia naye, aliyemwagikiwa na povu, nikamwosha miguu kwa lazima.

Hospitalini mboni za macho ya Salim zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Walimdunga dawa ya kuizuia sumu, wakarudia tena na tena. Mama, siku ile niliyokupigia nikasema ni malaria, nilikuwa nimesimama nje ya wodi na sikujua kama ataamka. Nisamehe.

Ameamka. Anakunywa uji, ingawa mikono bado inatetemeka. Mabaki ya lile povu niliyapeleka maabara Kitui, na karibu sumu yote ilikuwa bado imo.

Nilimuuliza mbona aliingia ilhali alinisikia. Akasema, "Nilikuamini, Nasima. Ndiyo maana sikumwacha Mutanu aingie." Nikamwambia hakupaswa kuingia mtu yeyote. Akasema lori lilikuwa limefika, na alidhani mwili wake ungevumilia. Halafu akaniambia lile walilokuwa wakilificha. Mutanu ana mimba, Mama. Baada ya zile mbili zilizoharibika, waliogopa kulitamka hata kwako. Daktari amempima. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, nimeusikia kwa masikio yangu.

Njoo ukiweza. Mutanu anataka akwambie mwenyewe, kwa hivyo akianza kusema, tafadhali shtuka kana kwamba hujui.

Wasalimie shangazi Salama na wote wanaotuulizia. Mungu akulinde hadi tuonane.

Mimi binti yako,
Nasima