Kilo za Mama

Nangila Cereals,
Free Area, Nakuru.
24 Januari 2026.

Mpendwa Kaka Sitati,

Mama alipoteza uwezo wa kusimama wima siku ya Jumatano, tarehe 14 mwezi huu, katika kliniki moja ya Milimani. Nimeanza na hilo kwa sababu ningetanguliza salamu ungefikiri ni barua ya salamu.

Sasa salamu. Hujambo? Valarie hajambo? Travis amepona kile kifua? Sisi tuko, Mungu anatuweka. Mvua imekataa, vumbi la malori linaingia mpaka kwenye chai, lakini duka linaenda. Ningekupigia, ila simu yangu siku hizi anaishika Mama, na ukiongea anaweka spika nyumba nzima isikie. Ndiyo maana nimempa Immaculate barua hii. Anarudi huko kwenu Marekani kesho, na ameahidi kuitia mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Unajua mgongo ulivyomsumbua Mama tangu tumzike Baba. Daktari alipotazama picha alisema diski moja ya kiunoni imesukumika nje, inabana neva inayoshuka mguu wa kushoto. Akasema kabla ya kisu tujaribu kitanda cha kuvuta mgongo. Hakutuahidi kupona, wengine husaidika, wengine hapana. Mgonjwa hulala, anafungwa mshipi kifuani na mwingine kiunoni, mashine inamvuta polepole na kumwachia, inamvuta na kumwachia, ili diski ipate nafasi. Na nguvu ya kuvuta inapangwa kwa uzito wa mtu. Hapo, Kaka, ndipo penye neno.

Siku ya kwanza ulitaka uwe kwenye simu, kwa kuwa wewe ndiwe uliye mahali pa Baba. Sawa. Mimi niliitwa langoni nikaondoe pikapu, imezibia watu njia. Chelagat, yule dada wa mashine, akamwomba Mama apande mizani. Mama akakataa kuvua viatu mbele ya watu, akasema yeye si gunia. Chelagat akauliza basi ana kilo ngapi. Ukajibu wewe, kutoka Minnesota: themanini na tano.

Themanini na tano alikuwa nazo ulipoondoka. Hiyo ni miaka tisa. Tangu Baba aende Mama amekuwa akipungua tu, na wewe kwenye simu unaona uso, tena amejifunika ile sweta nzito uliyomtumia.

Mama alijua si kweli, lakini unamfahamu: hawezi kumkosoa mwanawe wa kwanza mbele ya mgeni. Kwake ni kama kukuvua nguo njiani. Niliporudi ndani nambari ilikuwa imeshaingia kwenye mashine, na hakuna aliyeniambia lolote.

Mara tatu za kwanza ilivuta kidogo. Alivumilia, hata akanitania kwamba karibu atakuwa mrefu kuliko mimi. Mara ya nne ikaongezwa mpaka karibu nusu ya uzito. Alipewa kitufe cha kusimamisha akiumia. Hakukibonyeza. Anasema alifikiri dawa kali ndiyo dawa. Aliposhuka misuli ilikuwa imekaza kama kamba ya mzigo, na mpaka leo anatembea ameinama, anashika ukuta.

Mimi nilianza na maharagwe ya kupima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kando ya barabara. Kitu ninachokijua hapa duniani ni mizani. Jumapili, nilipoona karatasi ya kliniki imeandikwa themanini na tano, nikafunga mlango wa duka, nikamwambia Mama aketi pale tunapopimia magunia, hakuna mgeni. Akaketi na viatu vyake. Akaniuliza kama nitampunja yeye pia kama wateja. Nikasoma mara mbili. Kilo sitini na moja. Maana yake alivutwa kwa kilo arobaini na mbili badala ya thelathini.

Chelagat naye alikosa, kwa kuamini mdomo akaacha mizani. Nimemwambia usoni, amekubali, akanieleza na hayo ya simu yako. Daktari amempima Mama upya, anasema misuli italegea na matibabu yanaweza kuendelea kwa uzito wake wa kweli. Kisu anaona bado mapema. Lakini wewe umeshapanga upasuaji Nairobi, Jumatatu tarehe 2 mwezi ujao, na kwenye kundi la familia umeandika kwamba mashine ya Nangila imemvunja Mama. Wajomba wote wamesoma.

Nilimwomba Mama aseme ukweli. Akanishika mkono. "Heri nipasuliwe, Nangila, kuliko mwanangu aambiwe hamjui mama yake."

Huo upasuaji anauogopa mpaka chakula hakipiti. Lakini ataenda, ili wewe usiaibike. Nilipobisha akasema kama kilo zilikosewa, aliyezitaja atazirekebisha mwenyewe. Akavuta blanketi akageukia ukuta.

Sitaki uniombe msamaha. Ya wajomba utajua utakavyoyamaliza. Nataka umpigie Mama, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea kilo, na kwamba arudi kwa daktari wake. Mimi nikisema, ni mdogo anamshtaki mkubwa. Ukisema wewe, atavaa viatu twende.

Msalimie sana Valarie. Travis mwambie shangazi yake amemwekea njugu, zile nyekundu. Mama anakusalimu kila siku, hajui ninaandika. Mungu aliyekutunza ugenini azidi kukutunza, na akupe kinywa chepesi.

Nitangoja mpaka Ijumaa tarehe 30, saa tatu usiku. Kwenu itakuwa saa sita mchana, saa ya chakula, kwa hiyo usiniambie ulikuwa kazini. Ukinyamaza, Jumatatu nitampeleka Nairobi mimi mwenyewe, na huko kitu cha kwanza watakachofanya ni kumpandisha mizani, nayo haitasema themanini na tano.

Utampigia, au hutampigia?

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia hivi,
Nangila