Injini Iliyomeza Mchanga

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa? Sisi ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio hauko sawa, na sitakuficha.

Ujumbe wako umenifika. Unasema nimemvunjia baba heshima, nimempokonya spana zake, na kwamba ukiongea naye unamsikia mzima kabisa. Kaka, kwenye simu kila mtu ni mzima. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake.

Unajua kazi yangu ya kutibu mifugo. Bila ile pikipiki ya njia za vumbi sifiki kokote. Tangu baba ahamie kwangu, chujio la hewa alikuwa akilibadilisha yeye, nami nilifurahi, maana nani anamshinda? Wewe mwenyewe ulionja kofi lake siku ulipochomoa chujio ukauacha mdomo wa injini wazi. "Ziba kwanza! Injini haitemi, ikimeza imemeza!"

Mwezi uliopita nilitoka uani na ndoo ya nguo, nikamkuta ameng'oa kiti cha pikipiki, na tundu la kuingizia hewa halina hata kitambaa. Ameshika chujio kuukuu analikung'uta juu yake, mchanga unadondokea mle mle.

"Baba, kitambaa cha kuzibia kiko wapi?"

"Kitambaa gani?"

Hakuwa akinitania. Nikamsihi asiiwashe, tufungue tusafishe kwanza.

"Leo unanifundisha kazi wewe?" Sijatua hata ndoo, keshapachika chujio jipya na kupiga kiki.

Injini ikaanza kula oili na kufuka moshi, hadi siku moja ikanizimikia njiani nikienda kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nilifika kwa miguu. Ng'ombe na ndama wote wamekufa. Mwenyewe hakunitukana, alinipa maji ya kunywa tu, na hayo ndiyo yaliyonichoma.

Niliporudi ndipo nikazifungia spana kabatini.

Kesho yake nikamwita Matege, yule fundi aliyefundishwa na baba. Alipofungua injini, silinda imechubuka mistari mistari, mchanga unaupapasa kwa kidole. Akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Mzee, pistoni hii ilikuja na kasoro yake. Si kosa la mtu."

Baba akanigeukia. "Umesikia? Haya, niombe radhi."

Matege akainama, akajitia anatafuta kitu kwenye mfuko wa zana. Nikaomba radhi, kaka. Baba akanisamehe na dua akaniombea. Jioni akakupigia simu kukueleza nilivyomdhulumu, nawe bila kuniuliza ukaniwakia.

Usinitumie ujumbe mwingine. Njoo. Kaa naye mwezi mzima, umwone anavyotafuta choo katika nyumba ya vyumba viwili. Kisha ukisema bado ni mzima, nitakuomba radhi na wewe.

Nisalimie shemeji, na umbusu kitinda mimba wenu. Shangazi anawasalimu, yeye huja kunipokea zamu nikienda kazini. Mungu awape afya, na akupe macho.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda.